Gunia la sukuma wiki kwa klabu ya shule
Klabu za 4-K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya) ni za shule za msingi. Sekondari kuna Wakulima Vijana. Shule ya Eastlands, Nairobi, isiyo na shamba inaweza kuanza na gunia la kilo 90.

Changanya madebe mawili ya udongo na moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi, na klabu nyingi hukwama hapo. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, ujaze kokoto, zungushia udongo, uvute mkebe juu kidogo, rudia hadi gunia lijae. Bila nguzo hiyo ya mawe maji hubaki juu na miche ya chini hukauka.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, umbali wa sentimita 20 hivi. Yakikaribiana mno gunia hupasuka. Pandikiza jioni miche ya wiki nne hadi sita. Vidukari? Maji ya sabuni, chini ya majani.

Adui mkubwa, kusema kweli, ni likizo ya Agosti. Andikeni zamu ya kumwagilia kabla shule haijafungwa, na mkubaliane na bawabu kuhusu ufunguo wa geti.