Insha yangu ya Maji Maji niliipanga kwa mkasi

Ushauri niliopewa na walionitangulia chuoni ulikuwa mmoja: fasili kila neno lililomo katika swali, orodhesha hoja sita, kisha zirudie zote katika hitimisho. Swali letu la historia lilitutaka tujadili iwapo dawa ya maji, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, ndiyo iliyosababisha Vita vya Maji Maji vya kumpinga Mjerumani, vya mwaka 1905 hadi 1907. Nikafasili vita, nikafasili dawa, nikafasili hata maji, ukurasa wa kwanza ukaisha kabla Mjerumani hajatajwa. Kiini nacho kikawa orodha ya kodi, maakida waliowatumikia Wajerumani, pamba na Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeitoa dawa hiyo, kila kimoja katika aya yake isiyojuana na jirani. Rasimu ilirudi na maneno machache ya kalamu nyekundu: “Kwa hiyo jibu lako ni nini?”

Jibu nililiandika kwa sentensi moja: dawa haikuzaa vita, bali iliwaunganisha watu waliokuwa tayari na sababu ya kupigana. Kisha nikanunua karatasi zilizoharibika kwenye steshenari, kwa bei ya kutupa, nikazikata vipande, na katika kila kipande nikaandika sentensi ya kufungulia aya, basi. Nikavitandaza mkekani na kuvisoma kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo nilipoona kwamba kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, nilikuwa nimeiweka baada ya Kinjikitile, ilhali msimamo wangu wote ulitegemea manung’uniko kuitangulia dawa. Kodi ikapanda juu, pamba ya kulazimishwa ikaifuata, dawa ikashuka chini yake, na Wamatumbi wa upande wa Kilwa waliong’oa pamba Julai 1905 wakaja baada ya hapo.

Kipande kilichonitesa ni cha Wangoni wa Songea. Kwao pamba haikuwa kero kama ilivyokuwa upande wa Kilwa, na bado waliipokea dawa wakapigana. Rafiki mmoja akanishauri nikifiche. Mimi nilikipa aya ndefu kuliko zote, karibu na mwisho, nikaanza kwa kukiri uzito wake, kisha nikaonyesha kwamba machifu wao walikuwa wakipoteza madaraka tangu Wajerumani walipoweka boma Songea mwaka 1897. Sababu yao ilikuwa nyingine, lakini ilikuwepo kabla ya dawa, na pingamizi hilo likageuka kuwa ushahidi wangu mzito.

Utangulizi niliuandika mwisho kabisa, na humo msimamo ulikaa katika sentensi ya pili. Fasili nilibakiza ya dawa peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa. Alama sitazitaja, nisionekane najisifu, ila walionishauri walikuja chumbani kuomba nakala, nami nikawaazima mkasi.