Kahawa Kwa Sundu

Nilishuka Mumias Ijumaa, saa sita na ushee, adhana ikinipokea palepale steji. Kofia nyeupe zikaanza kutoka vichochoroni: makanga, fundi viatu, vijana wa boda. Mimi ni mtoto wa Vihiga, Kanisa la Marafiki damdam, na nilikua nikidhani kila Mwislamu wa huku babu yake alitoka Mombasa.

Muuza kahawa karibu na msikiti ndiye aliyenitoa ushamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mulembe."

Akasuuza kikombe kile kidogo kisicho na mkono, akamimina kahawa ya tangawizi iliyonipanda mpaka puani. Yeye ni Mwanga, Mluhya wa jamii ya Wanga, babu na babu wa babu. Waswahili walikuja na misafara kutafuta pembe na chakula, akasema, wakakaribishwa na Nabongo (yaani mfalme wa Wanga) Mumia, yule aliyetawala tangu 1882 hadi kifo chake 1949. Wengine wakaoa, wakabaki. Dini nayo ikabaki.

Lakini mimi nilikuwa nimefuata habari za William Jones. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifika hapa. Wasafiri walikuwa wakipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Mumia. Akamwachia shemasi Jones, Mwafrika aliyeokolewa utumwani, sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50 kwenda Buganda. Oktoba akauawa Busoga. Jones akangoja. Manusura wachache waliporudi na habari, bado akangoja, huenda zikawa uongo. Mwishowe aliingia Rabai, kwenye misheni karibu na Mombasa, na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Wasomaji wa Samweli katika Biblia wanajua neno hilo lina uzito gani: utukufu umeondoka.

Nikazunguka nikitafuta hata kibao. Maduka ya mbolea, M-Pesa, saluni, miwa ikimenywa kwenye toroli. Kibao hakuna. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Petro nililitazama juujuu tu, kiatu kilikuwa kimeshanichubua kisigino. Nikarudi kwa mzee wangu wa kahawa, nikamsimulia habari ya Jones. Hakuwahi kuisikia.

"Alingoja muda gani?"

"Zaidi ya mwezi."

"Na wapagazi wote hao?"

"Wote."

Akatikisa birika kusikia kama kuna kitu kimebaki.

"Basi huyo alitumalizia mtama."