Logo kwenye jaketi za mvua: nilivyokwepa sindano na fundi wa "ongeza moto"

Mtu akikwambia kuweka logo kwenye jaketi ya mvua ni kazi ileile ya tisheti, mwombe akuoneshe jaketi aliyoitengeneza ikiwa imeshanyeshewa. Hapo wengi wanakumbuka wana simu ya kupokea.

Niko Moshi, ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlimani. Bosi aliamka na wazo kwamba kabla ya vuli waongozaji na wapagazi wote wawe na jaketi zenye nembo yetu, ndogo kifuani, kubwa mgongoni, kazi ikaangukia kwangu maana dada wa ofisini ndiye anajua kila kitu kuanzia VAT mpaka cherehani.

Jaketi zenyewe mchanganyiko. Kuna nyekundu mpya za polista kutoka Kariakoo, nyeusi za nailoni, na rundo la mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi ambayo kusema kweli ndiyo ilikuwa mizuri kuliko zote. Ukienda kuchagua mitumba, geuza jaketi, weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu, hewa ikipita rudisha, hiyo sio ya mvua. Wauzaji watakuona umechanganyikiwa ila watazoea. Halafu kagua ndani kwenye mishono, ule mkanda wa plastiki uliobandikwa kuzuia maji ukiwa umeanza kubanduka usikubali kuambiwa "utaipiga pasi tu dada".

Sasa ushauri. Kila mtu mjini ana ushauri! Wa kwanza walikuwa watu wa kudarizi: darizi ndiyo heshima, darizi haibanduki, hata yunifomu za shule unaona. Sawa, haibanduki. Ila logo ya kifuani tu inakula mishono elfu kadhaa, na kila mshono ni tundu, na jaketi ya mvua kilichokuwa kinaifanya iwe ya mvua ni ule utando mwembamba nyuma ya kitambaa ambao wewe umeshaufanya chekeche. Niliwapa moja ya majaribio kwa sababu bosi alisisitiza, mwongozaji wetu mmoja akaondoka nayo njia ya Machame, ile siku ya kwanza ambayo ni msitu mtupu mpaka karibu mita 3,000 na mvua yake haina miadi. Alirudi ananiambia dada, mwili mzima mkavu, isipokuwa kifuani nimelowa duara, nembo ya kampuni imejichapa mpaka kwenye fulana. Bosi akanyamaza kuhusu darizi.

Wa pili ndiye ninayemtaja kila nikikaa na watu. Fundi wa tisheti, ana hitipresi kubwa, ile mashine ya bamba la moto linalokandamiza logo kwenye nguo, ana maneno mengi kuliko mashine. Nikamuuliza, hizi nyekundu ni polista na logo yetu ni mlima wenye theluji nyeupe, hakuna tatizo? Akacheka. "Dada, siri ni moto, ikigoma unaongeza moto." Akapiga vainili ya kawaida, ile karatasi laini ya plastiki yenye gundi inayokatwa umbo la logo na kushika kwa moto, kwenye nyuzijoto 160 na ushee, akaongeza na sekunde za bonasi. Kubandua, aisee, nyeupe inang'aa mpaka mimi mwenyewe nikajiona nilikuwa mbishi bure. Nikazipanga ofisini, bosi akapiga picha, akaweka status.

Baada ya siku chache naingia ofisini naona theluji ya Kibo imeanza kuona haya. Ikawa waridi hafifu, mwisho ikawa waridi kabisa, Kilimanjaro ya ubuyu. Wapagazi hawakuniacha, kila nikipita mtu anauliza ubuyu umefika? Nikarudi kwa fundi, akaniambia ni jua. Jaketi zilikuwa kabatini!

Jua halihusiki. Rangi ya polista ikipata moto mkali inageuka mvuke, inatoka kwenye uzi na kuhamia kwenye kitu kilicho juu yake, na haiwi lazima ionekane hapohapo, inaweza kuchukua saa au siku. Nyekundu ndiyo mtukutu zaidi, na nyeupe ndiyo inayoumbuka. Kwa hiyo moto unaotakiwa ni mdogo, kinyume kabisa na mahubiri ya yule bwana. Dawa yake ni vainili zenye tabaka la kijivu au jeusi kwa nyuma linalozuia rangi isipite, na zinashika kwa moto wa chini. Moshi sikuipata, ikaja na basi kutoka Dar, bei imechangamka, karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Kama huna hela hiyo, badilisha logo iwe nyeusi, rangi ihame ikitaka, nani ataiona? Nilimpendekezea bosi, akasema theluji nyeusi umeiona wapi. Haya, tukalipa.

Zile nyeusi za nailoni hazina shida ya ubuyu sana, shida yake nyingine. Jaketi ya mvua inapakwa dawa inayofanya maji yawe matone na kuteleza, na kinachotelezesha maji kinatelezesha na gundi. Unabandika leo, kesho unaishika kwa kucha inakuja yote. Kwa hiyo unafuta sehemu ile tu kwa spiriti safi na kitambaa cheupe, unaacha ikauke vizuri, ndipo unabandika vainili ya nailoni, sio ya pamba. Na nailoni ukiizidishia moto inajikunja au inabaki na alama ya mraba inayong'aa ambayo haitoki mpaka kiyama. Mimi nilikaa na fundi mwingine, kijana mtulivu, tukaanza kwenye nyuzijoto 120 na ushee juu ya mfuko wa ndani ambao hauonekani, tukapanda kidogokidogo kwa kufuata pakiti. Wekeni karatasi ya tefloni juu, ile isiyoganda kwenye moto, na subirini ipoe ndipo mbandue kama pakiti inasema hivyo, haraka ya nini.

Halafu zipu. Hii naitoa bure na ninajivunia. Ukilaza jaketi kwenye mashine, zipu na mishono minene inainua lile bamba la juu, kwa hiyo logo inapata moto upande mmoja na upande mwingine inapata salamu. Mausipedi! Ile ya kizamani ya sponji ya kuwekea mausi ya kompyuta, iingize ndani ya jaketi chini ya sehemu ya logo peke yake, logo inainuka, zipu inazama, presha inakuja sawa. Kijana wangu sasa anazo kadhaa dukani na anawaambia watu amebuni mwenyewe.

Mitumba ndiyo ilinipa raha. Nyingi zilikuja na logo za watu zilizodariziwa kifuani, makampuni ya huko Ujerumani sijui. Kufumua unabaki na matundu. Nikasema basi matundu si yapo tayari? Tukadarizi nembo yetu pembeni kwenye kitambaa kigumu, tukaikata kiraka kinachofunika ile ya zamani, mama wa cherehani akafumua bitana kwa chini, akaingiza mkono, akashona kiraka kwenye kitambaa cha nje tu bila kugusa bitana. Kisha kwa ndani tukabandika mkanda wa mishono kwa pasi ya uvuguvugu juu ya matundu yote, mapya na ya zamani, akafunga bitana. Ukiangalia utadhani imetoka kiwandani hivyo. Tuliipindua tukamwaga kikombe cha maji kwenye kifua, tukanywa chai, kurudi maji yapo yamekaa palepale na nyuma pakavu. Hiyo darizi naikubali.

Makoti yale ya plastiki ya bei rahisi msiyapeleke kwenye hitipresi kabisa, yanaganda kwenye bamba na mtafukuzwa. Yale ni kuchapa kwa skrini ya wavu na wino unaoshika kwenye plastiki, au muache.

Gharama sikumbuki vizuri, ila kifuani ilikuwa kwenye elfu tatu, nne hivi, mgongoni ikikaribia kumi, viraka juu kidogo kwa sababu ya mama wa cherehani ambaye anastahili. Kufua: siku ya kwanza na ya pili usiguse, baadaye geuza ndani nje, maji ya kawaida, hakuna zile dawa za kulainisha nguo, na usipige pasi juu ya logo hata kidogo.

Sasa bosi anataka na suruali. Nimemwambia suruali hakuna anayezisoma, ziende hivyohivyo.