Siku moja maishani mwangu: kuvuna mianzi mikubwa Kyela

Saa 12:30 asubuhi, Agosti. Panga bado limelala. Natembea na kopo la rangi. Huu si mwanzi wa pombe ya ulanzi wa kule Iringa. Ni Dendrocalamus giganteus, wenye asili ya Myanmar na nchi jirani, unaofika mita 25 hadi 30, kipenyo sentimita 20 na ushee. Natia alama mianzi ya umri wa miaka mitatu kwenda juu tu.

"Fundi, nikatie ile minene," wateja huagiza, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Mwanzi haunenepi baada ya kutoka ardhini. Unachomoza na unene wake wote. Kichaka kinapokua, machipukizi ya kila msimu huzidi ya msimu uliopita, kwa hiyo mnene kuliko yote mara nyingi ndio mchanga. Umejaa maji, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Utautambua kwa unga mweupe mwilini na makumbi, yaani maganda ya chipukizi, yaliyong'ang'ania chini. Uliokomaa umefifia rangi, una mabaka ya kijivu, na ukiugonga kwa mgongo wa panga unalia kavu.

Saa 2. Msumeno, juu kidogo tu ya kifundo cha kwanza au cha pili. Ukiacha kikombe cha pingili juu ya kifundo, mvua inatuama, kisiki kinaoza. Mwanzi ulioinama uogope: kata theluthi upande unakoelekea, ndipo umalizie nyuma. Ukianzia nyuma, unapasuka kwenda juu na kumrukia mkataji. Ncha zikishikana huko juu, watu wawili wavute kwa kamba.

Saa 5. Vipande vya mita 4. Majani yanabaki shinani kama matandazo. Nondo iliyochongoka inapita ndani kutoboa kila kifundo. Ukiruka kimoja, dawa haifiki humo, na fukusi wanaofuata wanga wataanzia hapo hapo.

Saa 8 mchana. Dawa ya fukusi: maji lita 100, boraksi kilo 3, asidi ya boriki kilo 2, viyeyushwe kwanza kwa maji ya moto. Zamisha vipande, upande mmoja kwanza ili hewa itokee wa pili, kisha gandamiza kwa mawe, siku 10 hadi 14. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo nguzo za uzio simuuzii mtu. Paa na fanicha, sawa.

Saa 11. Mianzi iliyotangulia kulowekwa inatolewa na kukaushwa: wima, kivulini, juu ya matofali. Juani upande mmoja hukauka haraka, na ufa hauzibiki.