Tulivyojifunza kugombana kwa lugha tatu

Kupendana bila lugha moja si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Siku za mwanzo macho yanatosha, simu inatafsiri, kila kitu kinachekesha. Kazi ni kugombana.

Mimi na mwenzangu tulikutana safarini, wote wageni mahali pale, hakuna aliyejua hata salamu ya mwenziwe. Kiingereza tulikuwa nacho cha kuombea maji. Tulipoagana, mapenzi yakahamia kwenye programu ya tafsiri. Nilishikilia mawili tu tangu mwanzo: tuonane kwa video, na asiwepo wa kumtumia mwenzake pesa. Anayekwepa kamera kila siku ana sababu yake.

Programu hizo ukizizoea zinasaidia. Sentensi fupi, iliyokamilika, inafika salama. Utani, kejeli na mafumbo vinapotea njiani, au vinafika vimegeuka matusi. Nikawa naandika, naigeuza tafsiri irudi kwenye Kiswahili, na ikirudi imepinda naandika upya. Kwa habari za kawaida hiyo inatosha kabisa.

Kisha nikamsimulia dada yangu mambo yetu. Kwangu dada si mtu wa kufichwa. Mwenzangu akaona nimemvua nguo hadharani. Tukarushiana ujumbe usiku kucha. Kila sentensi ilitoka kwenye mashine imenyooka, baridi, kama barua ya ofisini, na kadiri tulivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuumizana.

Kulipokucha tukaweka sharti: hakuna ugomvi wa maandishi. Tunapigiana video, kila mmoja anasema kwanza kwa lugha yake mpaka amalize. Mwingine haelewi neno, anasikiliza. Mara ya kwanza niliona ni upuuzi. Lakini nilimwona anavyotafuta pa kuweka mikono, nikasikia sauti ikikwama katikati, nikajua hii si hasira, ni aibu. Hilo halikuwamo kwenye ujumbe hata mmoja. Baada ya hapo tunarudia kwa Kiingereza, polepole, na msikilizaji anaeleza alichoelewa kabla ya kujibu. Kiingereza wote tunachechemea, hakuna wa kumzidi mwenzake kwa maneno. Tena lugha uliyojifunza ukubwani haichomi kama ya utotoni, kwa hiyo hasira inapoa.

Kilichobaki kunisumbua ni ukimya wake. Mimi nikiulizwa najibu papo hapo. Yeye anatulia, nami nahesabu kwamba amenuna. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba binadamu kwa kawaida hujibu haraka mno, ila wastani wa kila lugha hutofautiana kidogo, na sikio huzoea mwendo wa kwao. Ukiongeza muda wa kutafuta neno la kigeni, kimya kinarefuka. Siku hizi namwacha atulie.

Kujifunza lugha tumegawana. Sikubali ule mpango wa mmoja kuhangaika na mwingine kusubiri.

Siku ya kukutana na wazazi tulitafuta mkalimani asiye ndugu wa upande wowote, maana ndugu hupunguza makali ya maneno, au huyaongeza. Alifanya kazi nzuri hadi mama yangu alipofika kwenye maswali ya watoto. Hapo mwenzangu akamzuia mkalimani, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili cha kuokoteza. Mama akamsahihisha ngeli, akaendelea na swali lililofuata.