Safari ya Wete na lenzi moja

Mwaka jana nilikwenda Pemba na kamera ndogo ya kutia mfukoni, nikarudi na picha nyingi ambazo nilizipiga bila kuziona. Haikuwa na kitundu cha kuchungulia. Kila kitu ulitazama kwenye kioo cha nyuma, na kioo kile ukikitoa nje saa tano asubuhi huoni ila uso wako mwenyewe. Shangazi yangu wa Wete, ambaye ndiye niliyemfuata, alikatika kichwa katika picha zote tatu nilizompiga. Liliniuma jambo lile, maana umri wake umekwenda na picha yake nyingine ya karibuni hatuna.

Kwa hiyo safari hii, mapema mwezi wa kumi, karafuu zikiwa zinaanikwa, nilichagua vifaa kwa kuanzia na jua. Sharti la kwanza ni kitundu cha kuchungulia: ukibandika jicho pale, mwanga wa nje hauna njia. Nikanunua kamera ya mtumba, nzito kuliko ile ya mwanzo. Rafiki yangu aliniazima lenzi yake ndefu ya milimita 70 hadi 200, lenzi ya kilo moja na nusu peke yake. Nilimrudishia siku ya pili. Zile lenzi nene huuzwa ghali kwa sababu zinakusanya mwanga mwingi penye giza, na sisi huku mwanga tunao wa kumwaga. Nikabakia na lenzi moja ya milimita 35, kofia yake ya kuzuia jua la ubavuni, filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'aro, na betri mbili.

Kabla ya kuteremka Malindi, bandarini Unguja, nilipita barabara ya Kenyatta kuzitazama picha za Capital Art Studio, ile iliyoanza 1930. Nyeusi na nyeupe, na nyuso zote zinasomeka. Wapiga picha wa zamani hawakuwa na kioo cha kuhakiki kazi yao. Walikuwa na kanuni ya jua wazi: tundu la lenzi libanwe hadi f/16, na kasi ya kupiga, kwa sehemu za sekunde, ilingane na namba ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Filamu ya 100, kasi ni 1/100 au 1/125. Kanuni hiyo nimeijaribu uwanjani kwetu na inafanya kazi hadi leo, hata kwenye kamera ya kadi.

Ndani ya boti nilikaa chini ya kiyoyozi muda wote, kamera ikiwa mapajani. Tulipofunga bandari ya Mkoani, Pemba, nikatoka haraka niwapige wachukuzi gatini, na lenzi yote ikawa nyeupe. Kioo baridi kikikutana na hewa ya moto yenye unyevu hutoa jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Nilifuta, likarudi. Nilifuta tena, likarudi tena. Wachukuzi wakamaliza mizigo yao wakaondoka. Ilinipasa kuifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla sijatoka, ipate moto polepole humo humo, jasho libaki juu ya plastiki. Wakati wa kurudi nilifanya hivyo na lenzi ilibaki kavu.

Njiani kuelekea Wete, mikarafuu ilikuwa inameremeta. Jani la mkarafuu ni kama limepakwa mafuta, na jua likilipiga linatoka jeupe pichani. Hapo ndipo polaraiza ilipolipa nauli yake: unaizungusha taratibu mbele ya lenzi na weupe unaondoka, ukijani unarudi. Inakula mwanga kidogo. Na uliwe.

Nilifika kwa shangazi karibu na adhuhuri. Ua mzima majamvi, karafuu zimetandazwa, nyengine bado na wekundu, nyengine zimeshakuwa kahawia. Nikamwamkia, naye akanionesha pishi la kuchambulia.

"Kaa kwanza unisaidie makonyo, mwanangu. Picha haikimbii."

Nilichambua kidogo, nikitenga karafuu na vikonyo vyake, lakini subira ikanishinda nikampiga pale pale. Siku zile, kwa Pemba iliyo kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta, jua la saa sita linapita utosini kabisa. Kipaji cha uso kinang'aa, macho yanakuwa mashimo. Tena kamera haijui mtu: ikiona mchanga mweupe umejaa mbele yake hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na mweusi aliye katikati anapotea.

"Hebu nione."

Kioo kilikuwa kitupu kwa jua. Akavua mtandio wake akatufunika vichwa viwili pamoja na kamera, na ndani ya kile kivuli chenye harufu ya karafuu picha ikajitokeza. Akaitazama muda.

"Macho yangu yako wapi?"

Nikaiweka kamera. Tukachambua mpaka alasiri. Baada ya kusali akakaa barazani, uso kuelekea uani, na mchanga ule ule ulioniharibia mchana sasa ukawa unamrudishia mwanga laini kutoka chini. f/4, kasi 1/250, ISO, ndiyo ile namba ya filamu, 100. Kupitia kitundu niliona mpaka vumbi la karafuu kwenye kucha zake. Nilipiga mara sita tu, maana jua letu halina jioni ndefu, na magharibi ikiingia giza halikawii.

"Hizi utanisafishia, usije ukanionesha kwenye simu," aliniambia wakati wa kuagana.

Nimesafisha mbili. Moja iko mezani kwangu. Nyengine nimeitia katikati ya madaftari mawili isipinde, nimempa jirani anayepanda boti kesho asubuhi.