Daftari la Manung'uniko

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikusudia tuendelee na Zaburi, lakini kuna kitabu kimenivuruga. Wengi wetu tumekua na hadithi za Narnia za C.S. Lewis, vile vitabu 7 vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Mimi nilivisoma hadi majalada yakabanduka. Aslan, yule simba wa hadithi hizo, alinifanya nimpende Yesu kabla sijajua kueleza kwa nini.

Nikadhani Lewis nimemmaliza. Kumbe alikuwa na riwaya za safari za sayari nyingine, ya kwanza ya mwaka 1938, na mwaka uleule wa 1956 akatoa Till We Have Faces, ambayo wasomaji wengi hawakuichangamkia ingawa mwenyewe aliiona bora kuliko zote. Za sayari bado sijazigusa. Hii ndiyo imeninyima usingizi.

Ni habari ya Orual, binti mfalme mwenye sura mbaya, anayemlea mdogo wake Psyche kama mwanawe. Psyche anaolewa na mungu wa mlimani, anafurahi, na Orual haivumilii furaha hiyo. Anaivunja kwa jina la upendo. Kisha anajifunika utaji, anakuwa malkia, na uzeeni anaandika mashtaka yake dhidi ya miungu. Siku anayosimamishwa ayasome, mkononi ana kijitabu kichakavu, na anajikuta akirudia maneno yaleyale hadi hakimu anamnyamazisha. Anaulizwa kama amejibiwa. Anasema ndiyo.

Hapo nikainuka nikachukua daftari langu la maombi. Jina la mdogo wangu limo karibu kila ukurasa. "Bwana, mguse, amenisahau." "Bwana, mkumbushe nani alimlea." Mahali pamoja nimekandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika. Mama alipotutoka mimi ndiye niliyemlea. Akaolewa, akahamia mbali, na ana raha. Nilichokuwa nikimshtakia Mungu ni hiyo raha isiyonihitaji, nami nikaiita mzigo wa maombi!

Jamani, tunajua sana kuyavika manung'uniko mavazi ya ibada. Tunafunga, tunakesha, tunaomba wenzetu wasimame nasi, kumbe tunatafuta hakimu wa kutupendelea. Usiniambie wewe humo. Ayubu alidai kesi yake isikilizwe, na Bwana alipokuja hakumjibu swali hata moja, lakini yeye akasema, "sasa jicho langu linakuona." Paulo naye anatuita tumtazame Bwana "kwa uso usiotiwa utaji." Mpendwa, utavuaje utaji ukiwa bado unaomba kwa sauti ya mtu mwema kuliko ulivyo? Mwambie lililo moyoni, hata kama linanuka. Kama ni wivu, sema wivu. Kama ni hasira juu yake Yeye, iseme, hatashtuka. Amekaa na hilo daftari miaka yote, akikusubiri ufike kwenye sentensi ya kweli.

Yangu niliiandika Jumanne usiku: "Bwana, namwonea shemeji wivu." Nikacheka peke yangu, halafu nikalia sana.

Asubuhi nikampigia mdogo wangu. "Shikamoo dada, kuna nini?" akauliza kwa wasiwasi, maana huwa sipigi bila lawama. Nikamwambia hakuna kitu. Tukaongea karibu saa nzima, habari za watoto na mapazia mapya ya sebuleni. Ushauri wangu hakuuomba hata mara moja.